Msaada: nachoma CD za nyimbo kwenye kompyuta lakini redio ya gari ya mzee inazitema zote

Binti_Makorora:
Assalaam alaykum wana jamvi, wakubwa shikamooni. Nina shida ya kuchoma CD na mpaka sasa nimeshaharibu tisa kwa hiyo naomba mwenye kujua anielekeze taratibu maana hela ya kununua nyingine ipo ila sitaki kuendelea kubahatisha.

Iko hivi. Baba yangu ana kigari cha Kijapani cha zamani, redio ni ile ile iliyokuja nacho, haina pa kuchomeka flashi, haina AUX wala bluetooth, ina mdomo wa CD na sehemu ya kaseti ambayo ilikufa mwaka juzi. Mzee alistaafu bandarini hapa Tanga na siku hizi safari zake ni za Lushoto, kuna shamba la marehemu bibi kule, anaenda karibu kila wiki. Toka kaseti ife anaendesha kimya. Sasa mtu aliyekulia Ngamiani enzi za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mtu ambaye mpaka leo ukimtajia mwimbaji marehemu Bi Shakila anaacha alichoshika akuhadithie, kumuona anapanda kona za Soni peke yake hana hata wimbo mmoja mie roho inaniuma kwa kweli. Nilimwambia tubadilishe redio akakataa, anasema hii sauti yake anaijua na haijamkosea kitu.

Basi nikanunua CD tupu zile zinazouzwa kwenye mkebe, nikakusanya nyimbo, zingine zilikuwa m4a, aina nyingine ya faili la wimbo, nikazibadilisha jina pale mwishoni nikaandika mp3, nikaingiza CD kwenye laptop, ikaniuliza nataka kuitumiaje, nikachagua ile inayosema kama flashi kwa sababu niliona ndo rahisi, nikakopi nikapesti nikaitoa. Kwenye laptop zinapiga zote vizuri. Nikishuka nayo kwenye gari redio inaimeza, unaisikia inazunguka mle ndani krr krr kama sekunde kumi hivi, inaandika ERROR inaitema. Nikaingiza nyingine hivyo hivyo. Tisa zote.

Kitu kinachonichanganya ni kwamba mzee ana CD moja ya kaswida alipewa kwenye harusi, ya kununua, hiyo redio inaipiga toka mwanzo mpaka mwisho haikwami hata mara moja. Sasa tatizo ni CD zangu, laptop au redio?

Fundi_Kange:
Waalaikum salaam dada. Redio ya mzee iache kama ilivyo, lenzi ni nzima, ingekuwa inakufa hata hiyo kaswida ingekatakata. Na asije mtu akakudanganya uipeleke ikafunguliwe.

Tatizo la kwanza ni pale ulipochagua kama flashi. Ukichagua vile Windows inaipanga CD kwa mtindo unaoitwa UDF ili uweze kuongeza na kufuta faili utakavyo, na mtindo huo kompyuta inauelewa ila redio za gari za zamani haziujui kabisa, ndo maana inatafuta tafuta sekunde kumi haioni mwanzo wala mwisho inakata tamaa. Kuna chaguo la pili pale chini yake, linasema kwa ajili ya deki ya CD au DVD, lile ndo la kuchagua ukitaka CD isomeke nje ya kompyuta.

La pili, kubadilisha jina sio kubadilisha wimbo. Ukibandika lebo ya asali kwenye chupa ya mafuta ya taa ndani ni mafuta ya taa tu. Laptop inapiga kwa sababu inachungulia ndani ya faili inagundua kumbe ni m4a. Redio ya gari haina akili hiyo. Zirudishie majina yake kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Sasa kabla sijaendelea naomba ushuke kwenye gari usome usoni pa redio, karibu na mdomo wa CD. Redio inayosoma MP3 karibu zote wameandika MP3 au MP3/WMA, wanajisifia nayo. Kama pameandikwa Compact Disc Digital Audio peke yake basi hiyo inajua lugha moja, ya CD za dukani, mpango waliokubaliana Sony na Philips mwaka 1980 kabla MP3 haijazaliwa. Hiyo hata uichomee MP3 kwa ustadi gani haitasoma ng'o. Niambie pameandikwa nini.

ChumbageniKwetu:
Dada mbona unajitesa hivyo, CD zimeshapitwa na wakati. Nunua modyuleta ya FM, kile kidude unachomeka pale pa kuwashia sigara, unatia flashi yako ina nyimbo elfu moja, unatafuta stesheni kwenye redio kwisha kazi. Mie natumia mwaka wa tatu huu.

Mzigua_Handeni:
Mkuu hapo juu modyuleta ni nzuri lakini gari ni ya Kijapani na redio ni ile ile ya Japani, FM yao inaanzia 76 inaishia 90. Huku kwetu FM ni 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo kwenye redio ya mzee unabaki na kipande kidogo tu kati ya 87.5 na 90 ambapo modyuleta na redio vinaweza kukutana, na hapo uombe Mungu pasiwe na stesheni ya kweli inayorusha karibu. Mjini unaweza ukapata nafasi, ukifika mbele huko njiani stesheni nyingine inaingia juu yake unasikia msomaji wa habari amekaa ndani ya taarabu. Nimeyaona kwenye gari ya shemeji yangu. Kuna kifaa cha kuongeza masafa unafunga kwenye waya wa antena, ila mzee keshasema hataki redio yake iguswe, tumheshimu.

Binti_Makorora:
Fundi nimeshuka na tochi ya simu nimesoma. Pameandikwa Compact Disc Digital Audio tu, na kale kanembo. MP3 hakuna popote nimezunguka redio nzima.

ChumbageniKwetu asante kaka kwa wazo, mdogo wangu alishajaribu kitu kama hicho ikawa kama alivyosema Mzigua hapo, kelele za shaaa tulipopita Muheza tu, mzee akakichomoa akakiweka kwenye droo hajakiuliza tena.

Fundi_Kange:
Basi dada jibu tumelipata, unachoma Audio CD na sio CD ya faili. Fanya hivi. Fungua Windows Media Player, juu kulia kuna sehemu ya Burn ibonyeze, pembeni kuna kamenyu kadogo kafungue uhakikishe tiki iko kwenye Audio CD na sio Data. Halafu buruta nyimbo zako weka pale. Unachofanya hapo ni tofauti kabisa na kukopi, kompyuta inaufungua kila wimbo na kuuandika upya sauti yenyewe, vipimo 44,100 kwa kila sekunde moja, kushoto na kulia, kwa hiyo redio haitajua kama ulikuwa m4a au mp3 au nini. Ikiisha inaifunga yenyewe CD, huwezi kuongeza kitu tena, na hicho ndo tunachotaka.

Ila ujiandae nyimbo ni chache. CD ya MB 700 ni dakika 80 tu za sauti, uwe umeleta faili kubwa au ndogo haijalishi, inahesabu dakika. Kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde CD hiyo hiyo ingebeba kama saa kumi na mbili, ndo maana watu wamezoea kuona CD moja ina nyimbo mia na ushee. Na wewe unachoma taarabu! Taarabu za siku hizi wimbo mmoja dakika kumi na mbili, kumi na tano, zitaingia sita CD imejaa. Zile za zamani za Black Star ni fupi fupi maana zilikuwa zinaingia kwenye sahani za santuri, hizo zitaingia nyingi zaidi. Mie ningekushauri panga kwa safari, CD moja ya dakika 80 inakutoa Kange mpaka unakaribia Segera, ya pili inakupeleka Mombo, ya tatu ya kupandia milimani.

Kitu kingine spidi. Usiache ile ya haraka kabisa. Kwenye options za hiyo programu, sehemu ya Burn, kuna kuchagua spidi weka slow au medium. CD tupu zimeandikwa 52x kwa mbwembwe lakini ukichoma kwa pupa vishimo vinaandikwa hafifu, laptop yenye lenzi mpya itasoma, redio yenye lenzi ya miaka ishirini itababaika hasa barabara ikiwa mbovu. Dakika tano kumi za kusubiri sio kitu. Na hapo hapo kuna sehemu ya kusawazisha sauti kati ya nyimbo, itiki, rekodi za zamani moja inapiga kelele nyingine inanong'ona, mzee atakuwa na kazi ya kuzungusha volyumu kwenye kona.

Mzigua_Handeni:
Naongezea kidogo alichosahau fundi. Angalia CD zako zimeandikwa CD-R au CD-RW. Watu wengi dukani wanachukua RW wakiona inafutika wanaona wamepata. Ile inarudisha mwanga kidogo sana, kwenye asilimia 15 mpaka 25, wakati CD-R inarudisha zaidi ya asilimia 65, kwa hiyo redio ya zamani inaitazama RW kama vile hakuna CD. Kama ni RW usihangaike nazo, weka za kuhifadhia picha.

Na tafadhali usibandike stika ya karatasi juu. Gari ikianikwa jua la Tanga hili la saa nane gundi inalainika, karatasi inajikunja ndani ya mdomo wa redio, hapo CD haitoki na ile kaswida ya harusi nayo haiingii tena. Andika kwa maka peni ile laini isiyofutika, pale katikati kwenye duara la plastiki.

Binti_Makorora:
Jamani nimerudi na nashukuru mno. Kumi nilizobakiza ni CD-R nimeangalia. Nimechoma ya kwanza jana usiku baada ya isha, nyimbo kumi na tano za zamani, slow, nikakaa naitazama ile alama inavyojaa. Asubuhi kabla mzee hajatoka kuswali nimeshuka nikaiingiza mwenyewe. Imezunguka, krr, moyo ukanipiga, halafu ikaandika 01 na namba za sekunde zikaanza kuhesabu na filimbi ya mwanzo ikatoka upande wa kushoto. Nimekaa kwenye kiti cha dereva nimefunga mlango nimelia kidogo.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza kuna nyimbo mbili ni tamasha, zinaungana, lakini kwenye CD katikati inakata kimya sekunde mbili halafu inaendelea, inaudhi. La pili ni kubwa zaidi, mzee ana boksi la kaseti alizokuwa anarekodi mwenyewe toka kwenye redio miaka hiyo ya RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zimo, na taarabu zingine sijawahi kuzisikia mahali popote na wala kwenye intaneti sijaziona. Naogopa zitaoza. Inawezekana kuzitia kwenye CD?

Fundi_Kange:
Alhamdulillah dada, nimefurahi sana.

Zile sekunde mbili programu inaziweka yenyewe kati ya wimbo na wimbo. Tafuta CDBurnerXP ni ya bure, ukichoma Audio CD humo unachagua Disc-At-Once, yaani kuandika CD nzima kwa mkupuo mmoja, na unaondoa pumziko, tamasha litaunganika. Kwa kaseti namwachia mzee wa Raskazone huwa anapita humu, hiyo ni kazi yake.

Mzee_Raskazone:
Marahaba mwanangu, salamu zako za mwanzo nimeziona leo. Hilo boksi lisichelewe hata mwezi. Hewa yetu ya bahari na unyevu huu vinakula utepe, unaanza kuota ukungu mweupe pembeni, ukiuona usiipige hiyo kaseti kwanza, utaupeleka ukungu kwenye kichwa cha redio na kuchafua zote zinazofuata.

Utahitaji redio kaseti inayozunguka vizuri, waya wa kutoka tundu la hedifoni au line out kwenda kwenye kompyuta, na programu ya Audacity, ni ya bure. Kama una kompyuta ya mezani tundu la rangi ya buluu ndo la kupokea, lile la pinki ni la maiki. Laptop nyingi zina la maiki peke yake, hapo sauti ya redio ishushe sana kwa sababu la maiki linaikuza, ukiliingizia sauti kubwa itapasuka na iliyopasuka haitengenezeki tena. Jaribu kipande cha dakika moja, tazama mawimbi, yasiguse ukingo wa juu wala wa chini, yaache yacheze katikati.

Kabla ya yote chukua kaseti uipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma yote mara moja. Utepe uliokaa miaka thelathini haujazungushwa unang'ang'ania, ukiupiga papo hapo unavuta na sauti inayumba kama mtu mwenye usingizi. Kisha safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia rudia mpaka itoke nyeupe. Rekodi upande mzima kwa mkupuo, dakika 30 au 45, usikate wimbo wimbo. Kata baadaye. Na hapo pa kukata nina ombi mwanangu, usizitoe sauti za watangazaji. Wengi wanafuta wanabakisha nyimbo, lakini baba yako alirekodi akiwa amekaa mbele ya redio, akisubiri, na ile sauti ya mtangazaji anaposema jina la mwombaji salamu na mtaa wake ni sehemu ya kile alichokirekodi.

Ukimaliza hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, vipimo 44,100 kwa sekunde, ndo unachomea CD. WAV hizo zitunze sehemu mbili tofauti, usitegemee CD peke yake, hizi za kuchoma rangi yake inakufa kwa jua. Mzee asiziache juu ya dashibodi. Mie zangu nazifunga kwenye kitambaa naweka chini ya kiti.

Binti_Makorora:
Shikamoo mzee wangu, nimeandika kila neno kwenye daftari. Nimeanza na kaseti mbili, moja ina ukungu nimeitenga kama ulivyosema. Nyingine imeingia upande wote wa kwanza, nilipozungusha mbele na nyuma ilikuwa inalia kama mlango ila ikalainika. Katikati kuna mtangazaji anasoma salamu na nyuma yake kabisa kuna sauti ya mtoto analia, nimemuuliza mama akasema huyo ni kaka yangu mkubwa, sasa ana miaka arobaini na kitu.

Nimeichoma hiyo kwa Disc-At-Once nikampa mzee leo baada ya adhuhuri sikumwambia ni nini. Kaingiza. Nimemuacha. Mpaka saa hizi naandika karibu magharibi yuko ndani ya gari uani, kioo kimeshushwa, chakula nimempelekea huko huko kwenye sahani. Ameirudia hii ni mara ya tatu.

Fundi_Kange:
Mashaallah. Dada mwambie awashe injini robo saa hivi au muichaji betri usiku huu, toka adhuhuri redio inakula betri peke yake na kesho kama ana safari ya Lushoto gari haitawaka.

Binti_Makorora:
Nimemwambia sasa hivi. Amewasha. Anasema wimbo ukiisha.